Harufu ya Magharibi

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa pumzi bila kuombwa na akatuzuilia mabaya ambayo hatukujua kwamba yalikuwa njiani kutujia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na wote waliomfuata kwa wema. Ninaandika haya kwa ajili ya watu wa rika langu, ambao magoti yao yanalia wakisujudu kama yangu, na ambao bado wanakumbuka nyumba za udongo zenye ukumbi mrefu wa giza.

Jioni moja mwezi uliopita mjukuu wangu alikuja kunitembelea hapa Kibiti na bodaboda yake, pikipiki kuukuu aliyoinunua kwa mtu. Mvua ilikuwa inanyesha, akaiingiza ndani, akaiegemeza ukutani, akaenda kutawadha. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na tasbihi yangu. Kwanza ikanijia harufu. Halafu nikasikia kitu kinadondoka juu ya saruji. To. Kimya. To. Mkono wangu ukasimama juu ya tasbihi, na nywele za kisogoni zikanisimama, kikongwe mimi, kama za mtoto. Nilikuwa nimerudi Mohoro, katika nyumba ya baba yangu, saa ile jua linapozama.

Baba alikuwa mfanyabiashara kama baba yake. Alipeleka kanga, chumvi na sabuni vijijini na kurudi na mpunga, na kwa safari hizo za Mbwara na kwingineko alikuwa na pikipiki. Haikuwa mpya hata siku aliyoileta. Rangi ya tenki ilikuwa imebanduka, na kiti kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Lakini aliipenda. Akirudi aliifuta matope kwa kitambaa, akaipitisha mlango wa mbele hadi ukumbini, akaiegemeza kwa mguu wake mmoja wa pembeni karibu na mlango wa chumba cha mama, maana nje kulikuwa na mvua na watu wenye mikono mirefu. Kisha alikwenda msikitini kuswali Magharibi na kukaa hadi Isha. Akisharudi na kula, ndipo alipoifungia koki ya mafuta na kuifunika gunia, kama mtu anayemfunika mtoto.

Ukumbi wetu ulitoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba kulia na kushoto, sakafu ya udongo, paa la makuti. Hakukuwa na dirisha. Chumba cha mama kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifunguka ukumbini.

Masika yale mama alikuwa ndani ya arobaini. Alikuwa amemzaa ndugu yangu Salumu, na kwa desturi zetu mzazi hatoki chumbani mpaka siku zake zitimie. Kabla ya Salumu, mama alikuwa amezaa mtoto mwingine wa kiume, naye alikufa kabla arobaini haijaisha. Hakuna aliyenieleza alikufa kwa nini. Nilichojua ni kwamba jioni moja alikuwa akinyonya, na asubuhi wanaume walitoka na kitu kidogo kilichofunikwa kwa shuka. Kwa hiyo Salumu alipozaliwa furaha ilikuwepo, lakini ilitembea kwa kunyata. Hakuna aliyemsifu mtoto kwa sauti. Mama alimshika kama mtu anayeshika yai gizani.

Mkuu wa nyumba katika mambo haya alikuwa Bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mcha Mungu. Qur'ani aliijua kwa kusikia, na aliisoma vizuri kuliko wengi walioisoma kwa macho. Kila jioni wakati wa Magharibi aliweka makaa katika chetezo, akatia ubani, akaanzia uani akisoma Ayatul Kursiyyu, akapita ukumbi mzima, akasimama mlangoni kwa mama, akainamisha chetezo ili moshi uingie chini ya mlango, kisha akaendelea hadi mlango wa mbele. Akianza kusoma hazungumzi na mtu. Umwite, ulie, uanguke, hajibu mpaka amalize. Alisema ukikata kisomo katikati, umemfungulia mlango yule unayemfukuza.

Basi siku chache baada ya Salumu kupewa jina, harufu ikaingia nyumbani.

Ilikuja jioni tu. Ilikuwa kali na tamu kwa pamoja, ikishika kooni, na ilimtia mama kichefuchefu mpaka akajifunga kitambaa puani. Alfajiri haipo. Jioni ya pili, jua likizama, ipo. Bibi alisimama ukumbini akanusa, uso wake ukabadilika.

"Unaisikia?" alimuuliza mama kupitia mlangoni.

"Naisikia, Mama. Jana pia."

"Ilikuja hivi mara ile?"

Mama akajibu, "Mara ile sikuwa na fahamu ya kusikia kitu."

Bibi akanigeukia mimi. "Wewe, Zuhura. Mambo ya chumba cha mzazi hayatoki. Si kwa majirani, si kwa wanaume. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Hata kwa baba yako."

Nanyi mnaosoma mmekwisha kuijua harufu ile. Mtauliza, watu wazima wawili wasijue petroli? Lakini fikirini nyumba yenyewe. Petroli kwa Bibi ilikuwa kitu cha dukani, kwenye debe, kazi ya wanaume. Pikipiki ilinuka mchana, na baba mwenyewe alinuka hivyo hivyo, nguo na ndevu, na hakuna aliyeona ajabu. Harufu hii ilikuja kwa saa yake, saa ile ile tunayowaingiza watoto ndani, ikakaa mlangoni kwa mtoto mchanga, ikaondoka kabla ya alfajiri. Kwa Bibi, aliyekwisha kumzika mjukuu, kitu cha namna hiyo kilikuwa na jina, na jina lake halikuwa petroli.

Akazidisha makaa. Harufu ilipozidi, naye alizidisha. Mimi nilipewa kazi ya kupepea moto uani, na niliifanya kwa moyo wote, nikitaka makaa yawe mekundu sana, maana niliamini wekundu ule ndio uliokuwa kati ya ndugu yangu na ile shuka. Tulipopita ukumbini nilishika upindo wa kanga ya Bibi. Moshi wa ubani ulitangulia, na kwa muda nyumba ilinuka kama Idi. Baba aliporudi kutoka msikitini alikuta ubani mtupu, akasema, "Mashallah, nyumba inanukia," akala, akaifungia koki pikipiki yake, akalala barazani kama ilivyo desturi. Hakujua lolote.

Naye upande wake alikuwa na shida ambayo wanawake hawakuijua. Mafuta yalikuwa yanapungua. Alijaza tenki jioni kwa ajili ya safari, asubuhi akafika nusu ya njia, pikipiki ikakohoa na kuzima. Aliichunguza asubuhi nje, kwenye mwanga, imesimama wima kwa stendi yake ya katikati. Alipapasa tenki chini, akapapasa mpira wa mafuta, akanusa vidole. Kavu kila mahali. Mtu akiona chombo kikavu na mafuta hayapo, fikira huenda kwa mwizi. Na mtu pekee aliyeingia na kutoka nyumbani kwetu bila kubisha alikuwa mjomba wangu Shabani, kaka yake mama, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa na mtumbwi wenye mashine.

Alhamisi moja ikatokea jambo ambalo mpaka leo nikifumba macho ninaliona. Tulikuwa tunapita na chetezo. Bibi aliinama mlangoni kwa mama, na kaa dogo likaruka, likaanguka karibu na gurudumu la nyuma. Pale pale mwanga wa buluu ukatambaa juu ya sakafu. Haukuwa na sauti. Ulikimbia kama utepe, ukazunguka gurudumu, ukainuka kidogo, ukazimika. Pakabaki alama nyeusi na harufu ya vumbi lililoungua.

Bibi alimaliza kisomo chake bila kukikata. Alipomaliza aliketi chini akalia.

"Kimeungua," alisema. "Umekiona, Zuhura? Kimeguswa na moto kikakimbia. Alhamdulillah."

"Kimekufa, Bibi?"

"Hata! Kimejeruhiwa. Alhamisi ijayo tutakimaliza."

Wiki ile nzima nilimtazama akijiandaa. Chetezo alikiona kidogo. Alichagua kigae kipana, kipande cha chungu cha kupikia kilichovunjika, chenye nafasi ya makaa ya jiko zima. Aliomba vifuu vya nazi kwa majirani, kwa sababu makaa yake hushika moto mkali na kurusha cheche. Mama kutoka chumbani aliuliza mara moja kama moto mkubwa hivyo hautamwathiri mtoto kwa moshi. Bibi akamjibu kwa upole, "Mwanangu, safari hii hatumwachii mtoto." Nami nilihesabu jioni kwa hamu, kama mtoto anayesubiri sikukuu.

Alhamisi ile baba alikuwa aende Mbwara. Alasiri tukamwona anarudi kwa miguu, anaisukuma pikipiki kwenye tope, mjomba Shabani anasukuma kwa nyuma, wote wawili wamelowa. Baba alichukua debe dukani, akajaza tenki mpaka likafurika shingoni. Kisha akaketi barazani na kumtazama shemeji yake.

"Shabani, nikuulize. Mafuta yangu yanakwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe mwenye mashine ya mtumbwi."

Mjomba akacheka, halafu akaona baba hacheki. "Shemeji, nimekisukuma chuma chako kutoka kule kwenye daraja na tope limeniingia mpaka masikioni. Mwizi gani huyo anayesukuma alichokiiba? Basi ninuse mdomo, labda nayanywa."

"Mtu hasemi mzaha kwa jambo kama hili."

"Na mtu hamwiti shemeji yake mwizi barazani, dada yake akiwa ndani na mtoto mchanga."

Mimi nilikuwa nimewaletea maji ya kunawa. Niliona uso wa mjomba umekuwa mgumu, sikupata kuuona hivyo kabla, na nikaogopa kwamba atasimama aondoke na asirudi. Nikasema jambo lililokuwa wazi kwangu siku zote, ambalo sikulitaja kwa sababu tu ya heshima.

"Baba, si linakojoa."

Wakanitazama wote.

"Nani anakojoa?"

"Pikipiki. Likifika ndani jioni linakojoa. Punda wa Mzee Mfaume naye hukojoa akifika."

Hivyo ndivyo nilivyoelewa. Baba aliifuta, aliinywesha, aliifunika, aliikemea ikigoma. Kwa nini isikojoe? Nilikwisha kuyaona matone mara nyingi, nikageuza uso, maana nilifundishwa kwamba si vizuri kutazama.

Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo. Baba hakucheka. Alisimama polepole, akaisogeza pikipiki mbele ya baraza kwenye mwanga, akaisimamisha wima, akachuchumaa akaitazama kwa muda mrefu. Hakuna kitu.

"Linakojoa wapi, mama?" aliniuliza. Aliniita mama kila alipokuwa akinisikiliza kweli.

"Hapa halikojoi. Mahali pake ndani."

Akaiingiza ukumbini, akaiegemeza kwa ule mguu wa pembeni, mlangoni kwa mama, koki ikiwa wazi kama kila jioni. Ilikuwa inakaribia Magharibi, na ukumbi ulikwisha kuwa na giza. Alipapasa, lakini kidole kilicholowa kila upande hakikwambii maji yameanzia wapi. Akafikiri. Kisha akagonga mlango wa mama kidogo.

"Mama Zuhura, nipe poda ya mtoto."

"Poda? Ya nini?"

"Nipe tu."

Mlango ukafunguka kiasi cha mkono. Baba alifuta mashine yote kwa kitambaa mpaka ikakauka, akanyunyiza poda chini ya tenki, juu ya koki, kwenye mpira, na kwenye kabureta, kile kikombe cha chuma kinachopokea mafuta kabla hayajaingia kwenye injini. Pikipiki ikawa nyeupe kama maiti aliyepakwa kafuri. Tukachuchumaa tukingoja. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yetu.

Tenki halikubadilika. Koki haikubadilika. Mpira ulibaki mweupe. Kisha kwenye kabureta, pale kunapotokea kijibomba chembamba kinachoelekea chini, poda ikapata doa. Doa likawa mstari. Mstari ukashuka, ukakusanyika nchani, ukaninginia.

To.

"Kikombe kinafurika," alisema baba taratibu. "Ikilala upande, boya la ndani halipandi vizuri, na sindano yake haizibi njia ya mafuta. Ikisimama wima inaziba. Ndiyo maana asubuhi sioni kitu."

To.

Mama akasema kutoka ndani, "Kwani huo mdondoko ndio huo? Nausikia kila jioni. Nilidhani mtungi wa maji unavuja."

"Kila jioni?"

"Kila jioni mtokapo kwenda msikitini. Na harufu."

Nilimwona baba akiweka kiganja sakafuni. Udongo ulikuwa umelowa, si kwa jioni ile tu, ulikuwa umelowa kwa siku zote zile. Kiganja chake kikagusa ile alama nyeusi karibu na gurudumu. Akaisugua. Akanusa masizi kwenye kidole.

"Zuhura," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Hapa paliungua nini?"

Nilikumbuka ahadi yangu kwa Bibi. Lakini macho yake yalinitisha kuliko ahadi. "Kile kitu," nilisema. "Kaa la Bibi lilianguka kikaungua."

"Bibi yako hupita hapa na moto?"

"Kila jioni. Na leo anacho kikubwa."

Adhana ilianza wakati ule ule, na pamoja nayo nikasikia kisomo. Bibi alikuwa ameingia kutoka uani. Tulimwona mwishoni mwa ukumbi, hakuna uso, ni wekundu tu uliobebwa usawa wa kifua, na cheche za vifuu zikiruka na kufa, zikiruka na kufa. Yeye hakutuona. Alikuwa anatoka kwenye mwanga kuingia gizani, na moshi ulikuwa mbele ya macho yake.

"Mama," alisema baba. "Simama hapo ulipo."

Kisomo hakikukatika.

"Mama, rudi! Rudi na moto!"

Na Bibi, badala ya kusimama, akapaza sauti ya kisomo na kuongeza mwendo. Baadaye ndipo tulipojua. Saa ile kila siku mwanawe huwa msikitini. Kwa hiyo sauti iliyotoka gizani, mlangoni kwa mtoto, ikimwamuru arudi na moto, haikuweza kuwa ya mwanawe. Alikuwa amengoja wiki nzima kukutana na kile kitu, na sasa kilikuwa kinazungumza kwa sauti ya mtoto wake.

Ndani Salumu akaanza kulia.

Baba alikimbia. Alimfikia Bibi kabla hajafika kwenye ule udongo uliolowa petroli, akakishika kile kigae kwa mikono yake mitupu, pande zote mbili, akamnyang'anya. Bibi alipiga ukelele. Baba hakukitupa, maana popote ambapo angekitupa kaa lingeruka. Alikibeba kwenye viganja, mbele ya kifua, akampita Bibi, akatembea nacho ukumbi wote uliobaki mpaka uani, na alitembea, hakukimbia, ili cheche zisianguke nyuma yake. Nilisikia mikono yake. Sitasema zaidi. Alikiweka chini kwenye matope ya mvua kikatoa mlio, naye akapiga magoti kando yake na kutumbukiza mikono kwenye pipa la maji.

Mjomba Shabani alikuwa amekwisha kuitoa pikipiki nje kwa mlango wa mbele, na akarudi akizoa mchanga wa chini ya mtungi kuufunika ule udongo, huku akimwita dada yake kwa jina, tena na tena, ingawa dada yake alikuwa anamjibu.

Bibi alimwendea baba uani. Alimgusa uso kwa vidole, kama kipofu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Nilidhani si wewe."

"Najua."

Akaketi chini pale pale kwenye tope na kukipakata kichwa cha baba, naye baba alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Hakuna aliyekwenda msikitini jioni ile. Mjomba ndiye aliyetuswalisha, uani, chini ya manyunyu. Baba alishindwa kuweka viganja chini kwenye sijida, akasujudu kwa vifundo vya mikono.

Mikono ilipopata nafuu, baba na mjomba waliifungua kabureta juu ya gunia. Kwenye sindano ile waliikuta chembe ya mchanga wa mtoni, ndogo hata baba alilazimika kuiweka kwenye ukucha ili nami niione. Mjomba akauliza, "Mwizi wako ndiye huyu? Nimwite nani, shemeji?" Baba akacheka, akamwomba radhi mbele yetu sote. Bibi hakuacha kufukiza. Ila tangu siku ile alipita kwanza mikono mitupu, ananusa, kisha anarudi kuchukua moto.

Salumu sasa ni mzee mwenye mvi nyingi kuliko zangu. Hakumbuki chochote. Hakuna cha kukumbuka, kwa sababu lile baya halikutokea, na kwa hilo ninamshukuru Mola kila siku.

Jioni ile ya mvua nilimwita mjukuu wangu. "Itoe nje. Kisha niletee poda."

"Bibi, poda ya nini? Ni harufu ya kazi tu hiyo."

"Itoe, mjukuu wangu. Jiko langu lipo uani na lina makaa."

Akaitoa. Tuliitazama pamoja chini ya upenu, yeye na tochi ya simu, mimi na poda. Mstari ukaonekana pale pale, kwenye kijibomba cha kabureta.

Baba yangu alikuwa na ngozi nyororo, isiyo na mistari, katikati ya viganja vyote viwili mpaka alipofariki. Watoto wengine walimwona baba yao akiinua mikono kuomba dua wakaona mikono tu. Mimi kila alipoinua ya kwake, baada ya kila swala, niliona mapana ya kile kigae, na kati ya kiganja na kiganja nikauona mlango wa mama, umefungwa, na mtoto ndani analia, mzima.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufunike na yale usiyoyaona. Aiweke nyumba yako mbali na moto wa dunia na wa akhera, awape watoto wako mtu wa kusimama kati yao na hatari, na akukubalie kila unachokiomba unapoinua mikono yako. Amin.